Je, Wajua? Kifaa cha KIEMS Hakihesabu Hata Kura Moja

Mpigakura wa Rhonda, mjini Nakuru, hukutana na kifaa cha KIEMS kabla hajapewa karatasi ya kura. Ni ile tableti ya tume ya uchaguzi, IEBC, inayotumika tangu 2017, na lawama za wizi wa kura hutupiwa yenyewe kwanza. Lakini KIEMS haijui umemchagua nani. Asubuhi hutambua kidole chako na kuhakikisha umo katika daftari la wapigakura. Usiku hupiga picha ya fomu ya matokeo ya rais na kuituma. Yote ya katikati ni karatasi: sita kwa kila mtu, na masanduku sita, la rais likiwa na kifuniko cheupe.

Kura huhesabiwa kwa macho. Msimamizi wa kituo hukunjua karatasi moja moja, akaisoma kwa sauti na kuwaonyesha mawakala wa vyama. Kisha hujaza Fomu 34A, mawakala wakatia sahihi, na nakala ikabandikwa mlangoni. Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya rais yanayotangazwa kituoni ni ya mwisho. Nairobi ni kujumlisha tu.

Rhonda wanaelewa uzito wa uamuzi huo. Kura za Desemba 2007 zilikuwa za karatasi kuanzia mwanzo hadi mwisho, zikaharibikia njiani na kwenye majumlisho, hata Tume ya Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ikasema haiwezekani kujua nani alishinda. Mwishoni mwa Januari 2008 mapigano yaliingia Nakuru. Rhonda na jirani yake Kaptembwo zikachomwa moto, majirani wakahama. Nchini kote walikufa zaidi ya watu 1,100. Ndipo Kriegler akapendekeza matokeo yatumwe kwa mitambo.

Mitambo nayo ikaja na aibu zake. Mwaka wa 2013 programu ilizidisha kura zilizoharibika mara nane. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu iliagiza sava zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo, na Septemba 1 majaji wanne kati ya sita wakafuta uchaguzi wa rais. Naona walifanya haki: mashine isiyokubali kukaguliwa haistahili kuaminiwa. Ujerumani, Mahakama ya Katiba ilizikataa mashine za kupigia kura mwaka 2009 kwa hoja iyo hiyo, kwamba raia asiye mtaalamu lazima aweze kukagua hesabu.

Mwaka wa 2022 IEBC ilifungua milango. Picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, kila mwenye simu akajumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, na bado Mahakama ya Juu, ilipolinganisha fomu halisi na picha zake, haikuona tofauti ya maana.

Kwa hiyo kushindanisha mashine na karatasi ni kupoteza wakati. Karatasi bila picha ilituchoma 2008. Picha bila karatasi isingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Ndugu msomaji wa Rhonda, kura zikishahesabiwa, nenda ukasome fomu iliyobandikwa mlangoni mwa kituo chako, ipige picha, kisha uilinganishe na ile ya tume.