Polisi anapoua raia kwa risasi, kwa nini kesi huishia kwa mtu mdogo?

Kila mara raia anapouawa kwa risasi ya polisi katika miji yetu ya mashariki, maneno ya kwanza kutoka kwa wakubwa yanajulikana mapema. Ilikuwa risasi iliyopotea. Au polisi yule alikuwa amelewa. Au vijana walitaka kumnyang'anya silaha. Kesho yake maduka yanafungwa, motari wanachoma matairi barabarani, meya anafika kuomba utulivu na kuahidi kwamba haki itafanya kazi yake.

Na mara nyingine haki inafanya kazi kweli, tena kwa haraka. Polisi mmoja, mara nyingi wa cheo cha chini, anasimamishwa mbele ya majaji wa kijeshi huku umati ukitazama. Anavuliwa cheo, anafungwa miaka mingi, watu wanapiga makofi, na faili inafungwa. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa pale: nani alimtuma barabarani na risasi za vita kwenda kutawanya watu wasio na silaha?

Tuanze na sheria, maana wengi hushangaa kwa nini polisi, ambaye si mwanajeshi, anapelekwa kwa majaji wa kijeshi. Jibu liko ndani ya katiba ya mwaka 2006. Kifungu cha 156 kinasema mahakama za kijeshi ndizo zinazohukumu makosa ya watu wa jeshi la taifa na wa polisi ya taifa. Kwa hiyo familia ya marehemu haiendi kwenye mahakama kuu ya kawaida. Inakwenda kwa oditera, ndiye mwendesha mashtaka wa kijeshi. Yeye ndiye anayefungua uchunguzi, na ndiye anayeamua nani atafikishwa mahakamani na nani atabaki nyumbani. Katika kesi hizi, uamuzi huo wa oditera una uzito kuliko jambo lingine lolote.

Kuna pia kanuni ya cheo. Katika mahakama za kijeshi za Kongo, jaji hawezi kumhukumu mtu anayemzidi cheo. Mahakama ya kijeshi ya garnizoni, kama ile ya Beni, inahukumu kuanzia askari wa kawaida hadi kapiteni na walio sawa naye katika polisi. Kuanzia meja hadi kanali ni kazi ya Mahakama ya Kijeshi ya jimbo. Majenerali wanahukumiwa na Mahakama Kuu ya Kijeshi, iliyo Kinshasa. Fikiria basi maana yake kwa mama anayeishi Oicha au Uvira. Polisi mdogo anaweza kuhukumiwa karibu na kwake. Kamanda wake, labda katika mji mwingine. Jenerali, kilomita zaidi ya elfu moja, na huko hakuna barabara ya kumfikisha. Kadiri mtuhumiwa alivyo mkubwa, ndivyo kesi inavyokwenda mbali na watu walioona risasi ikipigwa.

Wengine husema kamanda haguswi kwa sababu sheria haimfikii. Si kweli. Kanuni ya adhabu ya Kongo, katika kifungu chake cha 21, inamhesabu kuwa mtenda kosa pia yule aliyemsukuma mwingine kulitenda kwa kutumia vibaya mamlaka yake. Katiba, kifungu cha 28, inasema hakuna mtu anayelazimika kutimiza amri ambayo ni haramu waziwazi, na inamwondolea mtumishi wa serikali wajibu wa kutii amri inayovunja haki za binadamu. Kifungu cha 61 kinasema haki ya kuishi haiwezi kusimamishwa hata wakati wa etat de siege, utawala wa kijeshi uliotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri tangu tarehe 6 Mei 2021. Sheria ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011 nayo inataka nguvu itumike pale tu inapolazimu, tena kwa kiasi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zimekwenda mbele zaidi: mkubwa aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba watu wake wanatumia silaha kinyume cha sheria na hakuwazuia, naye anawajibika. Sheria ipo. Kinachokosekana ni karatasi za kuitumia ndani ya faili.

Hapa ndipo inafaa kukumbuka tarehe 30 Agosti 2023 mjini Goma. Waliofyatua risasi siku ile hawakuwa polisi, walikuwa wanajeshi wa kikosi cha ulinzi wa rais, lakini aina ya mahakama ni ile ile na maswali ni yale yale. Wafuasi wa dhehebu moja walikuwa wamepanga kuandamana kuwapinga MONUSCO. Alfajiri wanajeshi waliwapiga risasi. Serikali ilitangaza kwanza watu 43 wamekufa, kisha hesabu ikapita 50. Polisi mmoja naye aliuawa na umati, jambo ambalo wakubwa walilitaja mara nyingi. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba, kesi ikafunguliwa mbele ya Mahakama ya Kijeshi ya Kivu Kaskazini. Tarehe 2 Oktoba 2023, kanali Mike Mikombe, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho mjini, alihukumiwa kifo. Wanajeshi wengine watatu walipewa miaka 10 kila mmoja, na maofisa wawili wakaachiliwa.

Kanali, ndani ya mwezi mmoja! Kwa nini safari ile kesi ilipanda hadi kwa kamanda? Idadi ya wafu ilikuwa kubwa mno, mawaziri walishuka Goma, na liwali wa jimbo aliitwa Kinshasa. Lakini kulikuwa pia na video. Nchi nzima iliona katika simu wanajeshi wakiburuta maiti na kuzirusha ndani ya lori kama magunia. Hakuna aliyeweza tena kusema habari ya risasi iliyopotea. Na kanali mwenyewe alikuwa pale, jina lake na kikosi chake vikijulikana. Hata hivyo kesi ilisimama kwake. Swali la nani juu yake alijua mpango wa asubuhi ile liliulizwa sana nje ya ukumbi kuliko ndani.

Linganisha na vifo vya mmoja mmoja, ambavyo ndivyo vingi. Mei 2020 mjini Beni, kijana wa vuguvugu la LUCHA alipigwa risasi na kufa katika maandamano ya amani kuhusu usalama. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu polisi mmoja. Januari 2022, katika mji huo huo, kijana mwingine wa LUCHA aliuawa kwa risasi katika maandamano ya kupinga utawala wa kijeshi. Ni mji ule ule, vuguvugu lile lile, risasi ile ile. Kama hukumu ya kwanza ingekuwa imegusa namna polisi wanavyopangwa, wanavyopewa silaha na wanavyoamriwa kabla ya maandamano, huenda ya pili isingetokea. Hilo ni wazo langu, lakini wengi Beni wanalisema hivyo.

Mfano unaoonyesha kwamba kesi inaweza kupanda, na jinsi inavyochelewa, ni ule wa Floribert Chebeya. Yeye hakufa kwa risasi, lakini waliohukumiwa ni polisi. Tarehe 1 Juni 2010 kiongozi huyo wa Voix des Sans Voix alikwenda kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa, alikoitwa kukutana na mkuu wa polisi, jenerali John Numbi. Kesho yake maiti yake ilikutwa ndani ya gari. Ya dereva wake, Fidèle Bazana, haijaonekana mpaka leo. Mwaka 2011 mahakama ilimhukumu kifo kanali Daniel Mukalay, na mwaka 2015 katika rufaa adhabu ikashuka hadi miaka 15. Wengine walihukumiwa bila kuwepo. Mmoja wao, Christian Ngoy Kenga Kenga, alikamatwa Lubumbashi mwaka 2020 tu. Mwaka uliofuata polisi wawili waliokuwa wamekimbilia nje ya nchi walisimulia kwenye redio RFI namna kazi ile ilivyofanywa na wao walivyoshiriki. Kesi ikafunguliwa upya, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu Ngoy kifo. Miaka 12 ilikuwa imepita. Jenerali Numbi, aliyekana kuhusika, alikuwa amesikilizwa katika kesi ya kwanza bila kuwa mshitakiwa, na mwaka 2021 aliondoka nchini.

Kilichofungua mlango ule ni ushuhuda wa watu wa ndani. Mdogo aliyetumwa ndiye anayejua nani alimtuma. Lakini katika kesi zetu za haraka, mdogo huyo hana sababu ya kusema. Anahukumiwa ndani ya siku chache, avoka wake amepewa faili asubuhi hiyo hiyo, na familia yake bado inaishi kambini pamoja na mkubwa wake. Haraka inatuliza mtaa, hilo ni kweli. Inamlinda pia yule aliyetoa amri.

Tuseme sasa kinachoweza kufanywa, maana familia nyingi hufika kwa oditera mikono mitupu. Jambo la kwanza ni mwili. Katika saa zile za uchungu, watu hutaka kuzika haraka, na wakati mwingine wakubwa wa mji wanaharakisha mazishi kwa kutoa sanduku na pesa za matanga. Kabla ya kuzika, familia iombe daktari aandike ripoti: risasi iliingia wapi, ilitoka wapi, iko ndani bado au la. Mtu aliyepigwa mgongoni hakuwa anamnyang'anya polisi silaha. Ripoti hiyo ya ukurasa mmoja imeokoa kesi nyingi, na kukosekana kwake kumeua nyingi zaidi.

Jambo la pili ni bunduki. Kila silaha ya polisi ina namba, na inapotolewa kwenye ghala kunapaswa kuwa na daftari: nani aliichukua, saa ngapi, na risasi ngapi. Kati ya mashtaka yanayowapata mara nyingi polisi hawa kuna moja linaloitwa kutawanya risasi za vita, yaani kuharibu mali ya serikali. Inauma kidogo kuona mtoto wa mtu na risasi iliyomuua vikihesabiwa kwenye karatasi moja. Lakini shtaka hilo lina faida moja ambayo mawakili wangeweza kuitumia: linalazimisha daftari lile kufunguliwa. Na daftari likifunguliwa, inaonekana pia sahihi ya yule aliyeamuru silaha za vita zitolewe siku ya maandamano, pamoja na amri ya kazi ya siku hiyo. Hapo ndipo jina la pili linaweza kuingia ndani ya faili.

Video nazo zinasaidia, zikitunzwa vizuri. Ile iliyozunguka kwenye WhatsApp mara mia haina tena tarehe wala mwenyewe. Aliyeipiga aihifadhi ya asili katika simu yake na awe tayari kusema ni yeye, mbele ya oditera au kupitia shirika la raia kama anaogopa.

Kuhusu fidia, tusidanganyane. Familia inaweza kujiunga na kesi kama upande wa raia, na sheria ya zamani sana, kifungu cha 260 cha kanuni ya mwaka 1888, inamfanya bosi alipe madhara yaliyofanywa na mtumishi wake. Bosi wa polisi ni serikali. Majaji wameiamuru serikali kulipa mara nyingi. Kulipwa kwenyewe ni nadra, na karatasi nyingi za namna hiyo zinazeeka ndani ya masanduku ya wajane.

Hata kifungo chenyewe kinadumu tu kadiri gereza linavyodumu. Gereza la Kangbayi mjini Beni lilivunjwa Juni 2017, wakatoka watu zaidi ya 900. Likavunjwa tena tarehe 20 Oktoba 2020, wakatoka zaidi ya 1300. Munzenze ya Goma ilibaki wazi tarehe 27 Januari 2025, siku M23 ilipoingia mjini, na wanawake wengi waliokuwa ndani walibakwa na kufa kwa moto. Wiki chache baadaye gereza la Bukavu nalo likawa tupu. Ndani ya nyumba hizo walikuwemo wezi, waasi, watu wasiojahukumiwa, na wenye magwanda waliokwisha kuhukumiwa.

Vita ikifika mjini, ofisi za mahakama nazo haziko salama, na ndani yake ndimo zilimo faili. Ndiyo maana mawakili wengine wanawashauri wateja wao kuchukua kwa grefe nakala ya hukumu iliyopigwa muhuri siku ile ile inaposomwa, wakiomba pia nakala ya ripoti ya daktari na ya majibu ya mashahidi, na kuziweka kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Chebeya alisubiriwa miaka 12, na kesi ilipofunguliwa upya, faili ya kwanza ilikuwa bado ipo.