Mkate Ulioiva Nusu na Barafu



Akina mama wanaouza mikate hapa Bariadi huniuliza: je, mkate uliookwa nusu ukigandishwa kwenye friza unabaki mzuri?

Mkate wa namna hii umekwisha kuumuka na kushika ndani, ila umetolewa jikoni kabla haujapata rangi. Unamaliziwa kuokwa siku ya kuuzwa.

Ndani yake mna maji. Yakiganda polepole huwa chembe kubwa za barafu, nazo huchanachana nyama ya mkate. Ukija kuumalizia, unatoka mdogo, mkavu, na ganda lake linabanduka. Kwa hiyo oka mikate midogo, iache ipoe kabisa, ifunge vizuri isipate hewa, kisha igandishe upesi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiiweke kwenye sehemu ya kawaida ya friji. Baridi ile isiyogandisha huchakaza mkate upesi kuliko kabatini.

Sasa tuje kwenye afya. Wazee wetu Wasukuma walihifadhi viazi vitamu bila friza: walivianika vikawa michembe. Kijidudu hakiwezi kuzaliana bila maji. Jua huyaondoa maji. Barafu huyafunga tu. Vijidudu vingi havifi kwenye barafu, bali hulala. Umeme ukikatika, maji hufunguka navyo huamka.

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huweza kushika baridi siku 2 hivi. Iliyojaa nusu, siku 1. Kwa joto letu muda huo waweza kupungua. Kwa hiyo umeme ukirudi, fanya hivi:

1. Mkate ambao bado una barafu, uache ugande tena, ingawa ubora utapungua.
2. Uliolainika lakini bado ni baridi, umalizie kuoka siku hiyo hiyo. Usiugandishe tena.
3. Uliokaa na joto usiku kucha, utupe.
4. Wenye ukungu usiukwangue; mizizi ya ukungu imekwisha kuingia ndani.
5. Ukinuka kama tunda lililooza na ndani ukivutika kama uzi, utupe. Vijidudu vinavyoleta hali hiyo hustahimili hata moto wa kuoka.

Najua kutupa mikate ni kutupa mtaji. Lakini anayenunua mkate wa asubuhi mara nyingi ni mtoto aendaye shule. Hasara ya mikate hulipika. Uhai wa mtoto haulipiki.