Tuijue Kompyuta (4): Kuchagua kipozeo cha hewa kwa prosesa yenye nguvu kubwa

Umeme wote unaoingia katika prosesa huishia kuwa joto. Hesabu zikishafanyika, kila wati iliyotumika hubaki ndani ya kipande kidogo cha silikoni, na isipoondolewa kwa kasi ile ile inayozalishwa, nyuzijoto hupanda hadi prosesa ijipunguzie mwendo ili isiungue. Kipozeo cha hewa, yaani kile kifaa chenye mapezi ya chuma na feni kinachofungwa juu ya prosesa, ndicho hulipokea joto hilo na kulikabidhi kwa hewa. Kukichagua kunahitaji mambo mawili yajulikane: prosesa itatoa wati ngapi, na hewa itakayokifikia ina joto kiasi gani.

Makosa mengi huanzia kwenye wati. Karatasi ya maelezo ya prosesa huonyesha kiwango kiitwacho TDP, na mnunuzi hudhani hicho ndicho kilele. Sivyo. Ryzen 9 7950X ya AMD, iliyotoka mwaka 2022, imeandikwa wati 170, lakini huruhusiwa kuvuta hadi wati 230. Core i9-14900K ya Intel, ya mwaka 2023, ina wati 125 za msingi na 253 za kilele. Zaidi ya hapo, bodi mama nyingi ziliuzwa zikiwa zimelegeza kikomo hicho, hata mwaka 2024 Intel ikawataka watengenezaji wa bodi hizo wairudishe mipaka yake iwe mpangilio wa kawaida. Kwa hiyo kipozeo hupimwa kwa wati za kilele.

Aina ya kazi nayo ina uzito wake. Kuchakata video ndefu au kuchora picha za 3D huiweka prosesa katika kilele kwa saa nzima, ilhali michezo mingi haifiki huko. Ryzen 7 7800X3D, inayopendwa na wachezaji, imeandikwa wati 120, lakini mchezoni hutumia pungufu sana ya hapo. Kipozeo cha wastani huitosha prosesa kama hiyo na hakiwezi kuitosha 7950X inayochakata filamu.

Baada ya wati, ni vyema kuifahamu njia ya joto. Katika 7950X sehemu kubwa ya joto huzaliwa katika vipande viwili vya silikoni, kila kimoja kikiwa na eneo la takriban milimita za mraba 70 tu. Kutoka hapo joto hupita kwenye kifuniko cha chuma cha prosesa, kisha kwenye utando mwembamba wa pesti, kisha kwenye kitako cha kipozeo. Pesti ina kazi moja: kujaza mianya midogo isiyoonekana kati ya nyuso mbili za chuma, kwa sababu hewa ikibaki humo huzuia joto. Yenyewe hupitisha joto vibaya kuliko shaba kwa mbali, hivyo inatakiwa iwe ya kutosha tu.

Kutoka kwenye kitako, joto hupandishwa na mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote. Ndani yake mna maji kidogo yaliyowekwa kwa kanieneo ndogo sana. Maji hayo hugeuka mvuke upande wa prosesa, mvuke hukimbilia upande wa mapezi, hupoa na kurudi kuwa maji, kisha kuta zenye vinyweleo huyavuta kurudi chini. Mzunguko huo hauhitaji pampu wala umeme, na hubeba joto haraka kuliko nondo ya shaba tupu yenye unene ule ule. Mwisho wa safari, mapezi ya alumini hulitandaza joto kwenye eneo kubwa ili feni ilipeperushe.

Njia hii nzima ina ukinzani, na ukinzani hupimika kwa nyuzi za Selsiasi kwa kila wati. Ikiwa kutoka kwenye silikoni hadi hewani kuna ukinzani wa nyuzi 0.3 kwa wati, wati 100 zitaipandisha prosesa nyuzi 30 juu ya joto la hewa inayoingia kwenye kipozeo. Kikomo cha 7950X ni nyuzi 95. Hewa ikiwa na nyuzi 24, zinabaki nyuzi 71, nazo zinatosha takriban wati 236, yaani kilele chote. Hewa ikiwa na nyuzi 38, zinabaki 57, na prosesa ile ile yenye kipozeo kile kile haiwezi kuvuka wati 190 bila kupunguza mwendo.

Hewa ya nyuzi 38 kwenye kipozeo si jambo la ajabu katika chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari. Chumba kinaweza kuwa na nyuzi 32, na ndani ya kasha la kompyuta hewa huongezeka joto kwa sababu kadi ya michoro nayo inatoa lake. Ndiyo maana vipimo vilivyofanywa katika vyumba vya baridi vya Ulaya havipaswi kuchukuliwa jinsi vilivyo. Kilicho salama ni kutazama tofauti kati ya joto la prosesa na la chumba, kisha kuijumlisha na joto la chumba chenyewe kitakachotumika. Jijini Nairobi, lililoko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu, ingawa ubaridi wa jiji hufidia sehemu ya upungufu huo.

Kasha nalo ni sehemu ya mfumo wa kupoza. Feni ikipitisha mita za ujazo 85 za hewa kwa saa juu ya wati 230, hewa hiyo hutoka ikiwa imeongezeka takriban nyuzi 8. Isipotolewa nje, itarudi kwenye kipozeo. Kasha linalofaa lina uso wa mbele wenye matundu, feni mbili za kuingiza hewa mbele na angalau moja ya kuitoa nyuma, zote zikielekezwa upande mmoja na feni za kipozeo.

Kwa prosesa zinazovuka wati 200, uchaguzi wa hewa hubaki kwenye vipozeo vya minara miwili, vyenye mabomba sita au zaidi na feni mbili. NH-D15 ya kampuni ya Noctua ya Austria ina mabomba sita na feni za milimita 140. Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright nayo ina sita, kwa feni za milimita 120. Feni pana hupitisha hewa ile ile kwa mizunguko michache, hivyo hupiga kelele kidogo. Mnara mmoja wenye mabomba manne unafaa prosesa za kati.

Kabla ya kulipa, vipimo hulinganishwa. NH-D15 ina kimo cha milimita 165, na makasha mengi membamba hayana nafasi hiyo. Peerless Assassin ina 155. Feni ya mbele huweza kugonga vijiti virefu vya RAM. Vifungio navyo lazima vilingane na soketi, iwe AM5 au LGA1700.

Pale joto la chumba lisipobadilika, wati zinaweza kubadilishwa. Mpangilio wa Eco Mode wa AMD unaweza kuiwekea 7950X kikomo cha wati 142. Kwa ukinzani ule ule wa 0.3 na hewa ya nyuzi 38, prosesa itakaa karibu nyuzi 81, huku ikipoteza sehemu ndogo tu ya kasi yake. Kwa mtu wa pwani, hatua hiyo isiyogharimu kitu mara nyingi hufaa kuliko kununua kifaa kikubwa zaidi.

Baada ya kufunga, na kuhakikisha karatasi ya plastiki ya kitakoni imebanduliwa, prosesa hupewa kazi nzito kwa nusu saa katika saa ya joto kali la mchana. Kinachotazamwa ni mwendo na wati zaidi ya nyuzi, kwa kuwa 7950X imeundwa kuweza kufika 95 bila kudhurika. Mwendo ukishikilia kiwango kilichokusudiwa hadi mwisho, kipozeo kinatosha. Jaribio hilo hurudiwa kila baada ya miezi michache, kwa maana vumbi likiziba mapezi, ukinzani huongezeka na kipozeo kilichotosha jana hupungukiwa.