Tarakimu 48 za Kuifungulia Kompyuta

Huenda, ndugu msomaji, asubuhi moja ukaiwasha kompyuta ya nyumbani, nayo badala ya kukufungulia kama ada yake ikakuletea kioo cha buluu chenye maandishi ya kudai ufunguo wa tarakimu 48. Haikuanguka wala haikumwagikiwa na maji. Jana tu kijana wako aliliwasha kufuli la diski liitwalo BitLocker, kwa kusikia kuwa lahifadhi siri za mtu. Au pengine hakuna aliyeliwasha, kwani kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hujifunga zenyewe pindi mwenyewe aingiapo kwa akaunti ya Microsoft.

Aghalabu watu huichukua siku ile ile kwa fundi, na fundi mwenye haraka husema, “Hii tuipige Windows upya.” Hapo ndipo penye hasara. Kuipiga upya ni kuifuta diski, na pamoja nayo picha za arusi, hesabu za duka na vyeti vya watoto. Asiiguse mtu kabla ufunguo haujatafutwa.

Yafaa tujue kufuli hili hufanyaje kazi. Yote yaliyomo katika diski hugeuzwa fumbo, na ufunguo wa fumbo hilo huwa chini ya ulinzi wa kijipande kiitwacho TPM kilichomo ndani ya kompyuta. Kila iwashwapo, kijipande hicho hukagua jinsi inavyoamka. Kikiona mambo ni kama yalivyokuwa, hutoa ufunguo kimya kimya, wala mwenye mali hana habari. Kikiona kigeni, hukataa. Na kigeni chenyewe huenda kikawa flashi iliyosahauliwa, bodi iliyobadilishwa, au mpangilio wa BIOS uliogeuzwa, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata kabla ya Windows. Bawabu huyu hana kosa: aliagizwa kumtambua mtu kwa sura, na sura imebadilika.

Basi izime, uchomoe kila kilichochomekwa, uiwashe tena. Ikiwa yuko aliyegusa BIOS, ayarejeshe aliyoyageuza. Wala asikifute kile kijipande cha TPM.

Ikiwa bado yadai ufunguo, tazama kioo: kina namba ya kuutambulisha. Nakili herufi na tarakimu zake 8 za mwanzo, kisha kwa simu uingie katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kompyuta ilipoanzishwa, ukurasa wa aka.ms/myrecoverykey, uutafute ufunguo wenye namba hiyo. Akaunti yaweza kuwa ya mtoto, au ya yule aliyekuanzishia kompyuta. Uliza nyumba nzima. Kompyuta ya kazini au ya shule, mwulize msimamizi wake. Tafuta pia katika karatasi na flashi za zamani. Tarakimu huandikwa sita sita, na fungu lililokosewa kompyuta hulikataa papo hapo. Ikifunguka, simamisha ulinzi wa BitLocker kwa muda kisha uuendeleze, ili bawabu aizoee sura mpya.

Ama ikikubali ufunguo na Windows isiamke, ubovu uko kwingine, na kazi ya kwanza ya fundi ni kuyanakili yaliyomo katika diski nyingine. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Dawa yake ilikuwa kulifuta faili moja tu, lakini penye BitLocker mafundi wengi walilazimika kuutafuta kwanza ufunguo wa kila kompyuta.

Usipopatikana popote, Microsoft wenyewe hawawezi kukupa mwingine. Na fundi aahidiye kulifumbua fumbo hilo kwa malipo, mwulize atalifumbuaje kabla hujatoa fedha. Diski ni nzima na itatumika tena ikifutwa, ila yaliyomo yamekwenda.

Na wewe ambaye kompyuta yako bado yafunguka, ingia leo katika mipangilio ya BitLocker uuchape ufunguo katika karatasi, na karatasi hiyo usiiweke ndani ya mkoba wa kompyuta.