Daftari Linalorudi

Katika miaka niliyokuwa nikifundisha Kiingereza kwenye shule moja ya sekondari ya pwani, niliketi usiku mmoja mbele ya madaftari 45 ya kidato cha pili, kila moja lina insha juu ya mtu mmoja wa jamaa ya mwandishi, na nilipofika kiasi cha nusu ya rundo nikatambua kwamba aghalabu ya insha zile zilifunguliwa kwa ibara moja: asubuhi yenye kung'ara, ndege wakiimba juu ya miti, na upepo mwanana ukipepea. Hapakuwa na mwanafunzi aliyemwibia mwenziwe. Ibara ile walikuja nayo kutoka shule ya msingi, imehifadhiwa kwa moyo, imepita mkono kwa mkono kama sarafu hata nakshi yake imefutika, na kila aliyeiandika aliamini kwa dhati kwamba ndivyo Kiingereza kizuri kinavyoandikwa.

Msichana mmoja alikuwa ameandika juu ya mama yake, nami kesho yake nikamwita. Baada ya kunipa shikamoo yake nikamwuliza kwa Kiswahili, "Mama yako alfajiri hufanya nini?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mama hupika vitumbua vya kuuza. Huamka kabla ya adhana, unga wa mchele ukiwa umekwisha umuka, akadondosha tone moja katika chuma, akasikiliza. Lisipolia, moto bado." Nikamwambia, "Basi mwanangu, kaandike hayo." Insha ya pili ilikuwa na makosa ya sarufi mengi kuliko ile ya kwanza, tena ilikuwa fupi nusu yake, lakini hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kusoma daftari lake bila ya kujua sentensi gani itafuata.

Nimekitanguliza kisa hicho kwa sababu wazazi huniuliza mara kwa mara mintarafu ya masomo ya Kiingereza na ya uandishi yanayopatikana kwa watoto wa sekondari, na ambalo hasa hutaka kulijua ni darasa gani lililo bora, la shuleni au la twisheni, la mwalimu mwenye lafudhi ya kigeni au la mwalimu wa hapa hapa. Mimi huwajibu kwa kuwauliza: daftari la mtoto limekwenda kwa mwalimu na kurudi mara ngapi muhula huu, nalo liliporudi, mtoto aliandika upya au alitazama alama tu akalifunga?

Masomo yenyewe, kwa yaliyoandikwa katika mihutasari, si haba. Nchini Kenya, katika mfumo wa 8-4-4 ambao nafasi yake inachukuliwa hatua kwa hatua na mtaala wa umilisi, Kiingereza na fasihi yake viliunganishwa katika miaka ya 1980 vikawa somo moja, na mtahiniwa wa kidato cha nne hufanya karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya kwanza humtaka aandike mambo ya matumizi, kama vile barua rasmi, hotuba, ripoti au kumbukumbu za mkutano. Humtaka ajaze mapengo katika kifungu. Na humwuliza habari za matamshi, jambo ambalo sikuacha kulistaajabia, kwani sauti hutahiniwa hapo kwa kalamu, pasi na mtu kufungua kinywa. Karatasi ya pili ni ya ufahamu, ushairi na sarufi. Ya tatu ndiyo ya insha: moja ya ubunifu isiyozidi maneno 450, na mbili juu ya vitabu vilivyoteuliwa, kila moja kwa alama 20. Ukizikusanya insha hizo pamoja na ule uandishi wa matumizi utapata alama 80, yaani mbili katika kila tano, na mzazi anayedhani kwamba Kiingereza ni sarufi na msamiati tu hana budi kuizingatia hesabu hiyo.

Tanzania imeshika njia nyingine. Kiingereza ni somo la wanafunzi wote wa sekondari, na fasihi ya Kiingereza husimama peke yake kwa wanaoichagua. Walakini hata katika somo lile la lazima vitabu vya hadithi, tamthilia na mashairi havikosekani, na wengi waliopita huko wanakumbuka riwaya ya Bernard Mapalala, Passed Like a Shadow, au ile ya Osman Conteh wa Sierra Leone, Unanswered Cries. Kidato cha tano, mwenye kuipenda lugha huifuata katika tahasusi kama ile ya Historia, Kiswahili na Kiingereza.

Vitabu hivyo vya waandishi wa Kiafrika havikuingia madarasani kwa bahati. Zamani mtihani wetu wote ulitoka Cambridge, na majibu yakisahihishwa ng'ambo. Mwaka 1968 wahadhiri watatu wa Nairobi, ambao ni Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ya chuo chao iondolewe na mahali pake pawekwe fasihi yenye Afrika katikati. Na mwaka 1974 walimu wa fasihi walikutana Nairobi kuyajadili hayo hayo kwa upande wa shule za sekondari. Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa limekwisha kuundwa mwaka 1973, na la Kenya likafuata mwaka 1980. Tangu hapo mtoto wa Kisumu au wa Songea anaweza kujifunza Kiingereza kwa kusoma habari za watu wenye majina kama lake.

Kazi ngumu, hata hivyo, imo katika lugha zenyewe mbili, na hapo nataka nikawie kidogo. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kila somo kwa Kiswahili, isipokuwa Kiingereza chenyewe. Akiingia kidato cha kwanza, jiografia na bayolojia humjia kwa lugha ambayo bado anaitafuta. Anapoandika hubeba nahau ya lugha yake, nayo ni nahau yenye mantiki kamili. Sisi tunasema "Baba analima", na ile "a" iliyo mbele ya kitenzi ndiyo baba mwenyewe anayerejewa; kwa hiyo mtoto, akiona kitenzi cha Kiingereza kimekaa uchi bila kiambishi, hukihurumia akakivika "he" baada ya kumtaja baba. Sisi tunasema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke, basi mama huitwa "he" katika mstari wa kwanza na "she" katika wa tatu. Sisi hatuna "a" wala "the", na wallahi sijapata kumwona mwalimu aliyeweza kuyaeleza maneno hayo mawili yakaeleweka kwa siku moja. Kadhalika Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, ilhali Kiingereza kina herufi ambazo zimo katika neno na hazisikiki kamwe.

Mwalimu anayezifahamu lugha zote mbili huyaona makosa haya kwa makundi yake, akamwonyesha mtoto kosa limetoka wapi. Asiyezifahamu hupiga mstari mwekundu chini ya neno akapita. Tofauti ya walimu hao wawili ni kubwa kuliko tofauti ya lafudhi zao. Nami siafikiani na shule zinazomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili uwanjani zikidai kwamba zinamjenga katika Kiingereza, kwani yule msichana wa vitumbua aliipata insha yake kwa Kiswahili kwanza, na lau ningemkataza kuisema hivyo, angerudi kwa ndege wake na upepo wake mwanana.

Na sasa tuje kwenye hesabu inayowaelemea walimu. Chukua darasa la wanafunzi 60. Insha moja ikisomwa kwa haki, si kwa kupepesa macho, haipungui dakika 10. Basi insha za darasa hilo moja ni dakika 600, yaani saa 10. Mwalimu mwenye mikondo minne anadaiwa saa 40 za kusahihisha kwa kila insha atakayoitoa, nje ya vipindi vyake, nje ya maandalio, nje ya zamu ya shule. Maji hapo yamezidi unga, na kinachofuata ni dhahiri: insha hutolewa moja kwa muhula, au hutiwa tiki na sahihi, na mwanafunzi hufika katika chumba cha mtihani akiwa amesikiliza mengi juu ya uandishi na ameandika machache mno. Simlaumu mwalimu huyo. Nimekaa katika kiti chake, na najua taa inavyochosha macho baada ya daftari la thelathini. Wenye kulaumiwa ni wanaopanga idadi ya walimu kana kwamba insha hujisahihisha.

Palipo na mwalimu mwenye ari, njia hupatikana nje ya kipindi: chama cha mdahalo, gazeti la ukutani, na huko Kenya michezo ya kuigiza ambayo tamasha lake la kitaifa lina historia ndefu. Yako pia mashindano ya insha ya Jumuiya ya Madola, yanayoendeshwa na Royal Commonwealth Society tangu mwaka 1883, ambayo hayana ada. Walio chini ya miaka 14 huandika maneno yasiyozidi 750, na wa miaka 14 hadi 18 yasiyozidi 1,500. Wazazi wengi wenye watoto wenye kipaji hawajapata kuyasikia, na shule nyingi hazijapata kupeleka jina hata moja.

Na kwa watoto wasio na mwalimu wa namna hiyo, ningewashauri wanne waketi pamoja alasiri moja kwa juma, chini ya mwembe au kwenye baraza ya nyumba, kila mmoja na insha yake aliyoiandika kwa penseli. Asiisome mwenyewe. Ampe mwenziwe aisome kwa sauti, naye anyamaze asikilize, asitetee wala asifafanue, bali kila mahali msomaji anapojikwaa au kurudi nyuma kutafuta maana, atie alama ndogo pembeni. Kisha alichukue daftari lake nyumbani, na kabla ya kulala aandike upya sehemu zile zenye alama, hizo tu, juma lijalo waanze nazo.