Kabati la Jikoni: Tutoe, Tuchambue, Tupange



Safari hii tulikuwa tumepanga kuandika juu ya kuweka hesabu za kikundi. Lakini kuna jambo lilitokea kwa akina mama fulani tunaotembea nao huko Kitengela, nasi tukaona hesabu zitangoja.

Mtoto wa mwanachama mmoja, umri wake miaka miwili, alifungua mlango wa chini wa kabati wakati mama yake ameenda kuteka maji. Akakuta chupa ya soda. Mtoto hawezi kusoma, lakini chupa ya soda anaijua. Akapiga mafunda mawili. Kumbe ndani ni mafuta ya taa! Jirani akaja mbio na kikombe cha maziwa ili mtoto atapike. Bahati nzuri mama mwingine akamzuia, wakamkimbiza hospitali. Alilazwa siku kadhaa kwa ajili ya kifua, sasa anacheza.

Tulipokutana baadaye tuliuliza: ni nani anayejua kila kitu kilichomo katika kabati lake? Hakuna aliyeinua mkono. Mama mmoja akacheka akasema, "Mwalimu, mimi nikifungua langu vitu vinaniangukia, basi nafunga haraka." Wote walicheka, maanake wote ni hivyo hivyo.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Wengine watasema kabati ni mambo ya watu wa mjini wenye majumba. Sivyo. Kabati ni mahali popote unapoweka vyombo na chakula: rafu ya mbao, sanduku, katoni chini ya kitanda katika chumba cha kupanga. Wamama wa Kimaasai walijua jambo hili tangu zamani. Kibuyu cha maziwa kina mahali pake, husafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, wala hakitiwi kitu kingine. Kwa hiyo hatuleti mambo mapya, tunakumbushana tu.

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni pesa. Usipoona ulicho nacho unanunua tena. Tulipotoa vitu katika nyumba moja tulipata pakiti tatu za chumvi zilizofunguliwa na unga ulioingia wadudu nyuma ya unga mpya. Ya pili ni ugonjwa, kwa sababu panya na mende hupenda mahali pasipoguswa. Ya tatu ni sumu, na hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike.

NAMNA YA KUFANYA

1. Toa kila kitu nje. Chagua siku ya jua, tandika gunia au mkeka, ukitoe kila kitu, hata kile cha nyuma kabisa. Usipange kitu kikiwa bado ndani, utakuwa unahamisha taka kutoka kona hii kwenda kona ile.

2. Chambua mafungu manne. La kwanza: tunavyotumia kila siku. La pili: tunavyotumia mara moja moja, kama sufuria kubwa ya harusi na sahani za wageni. La tatu: vya kumpa mwingine au kikundi. La nne: vya kutupa. Mfuniko usio na sufuria, kikombe kilichopasuka, vijiko vilivyovunjika mkono, hebu tuviage. Na ile mifuko ya plastiki ya kubebea iliyojaa droo? Serikali iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Tumezoea vikapu sasa, hiyo ya zamani inalisha mende tu.

3. Safisha na uache ikauke. Osha rafu kwa maji ya moto na sabuni. Ziba matundu ambamo panya hupita. Usirudishe kitu kabla mbao hazijakauka, hasa nyinyi wa upande wa Ngong, ambako baridi na ukungu wa Julai hufanya mabati yatoe maji kwa ndani.

4. Rudisha kulingana na kazi. Vya kila siku vikae usawa wa mkono. Vizito vikae chini, vya wageni juu. Chakula kikae kwenye mikebe yenye mifuniko. Kilichonunuliwa kwanza kiwe mbele ili kiliwe kwanza. Katika droo, tenga visu na vijiko kwa kipande cha katoni. Droo si mahali pa dawa za binadamu, betri zilizokwisha na misumari. Dawa zilizobaki au zilizopita tarehe, peleka zahanati uulize namna ya kuzitupa.

SUMU ISILALE NA CHAKULA

Katika Kajiado sisi ni watu wa mifugo. Karibu kila boma lina dawa ya kupe na dawa ya minyoo ya mbuzi. Mara nyingi tunazikuta jikoni, ati kwa sababu ndipo mahali pakavu. Jamani, hapana. Mafuta ya taa, dawa za mifugo, dawa ya panya na ya kunguni viwekwe nje ya jikoni, juu, katika sanduku lenye kufuli, na ufunguo usining'inie hapo hapo.

Usihamishe sumu kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa siku moja. Na mtungi uliokuwa na dawa ya kupe hauoshwi ukawa wa maziwa. Utoboe usitumike tena.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike. Akitapika mafuta huingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mvue nguo zilizomwagikiwa, umpeleke hospitali mara moja, ubebe na ile chupa.

GUNIA LA MAHINDI NDANI YA NYUMBA

Majirani zetu wa Ukambani walipata msiba ambao hatupaswi kuusahau. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Wachunguzi walipofuatilia waligundua kwamba waliougua walikuwa zaidi wale waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Chakula kilikuwa haba, watu wakaogopa wezi. Mahindi yakavunwa mapema, yakaingizwa ndani kabla ya kukauka. Hawakuwa wajinga, walikuwa wanalinda chakula cha watoto.

Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Ugali uive namna gani, sumu ibaki. Kwa hiyo, wewe uliyevuna Loitokitok na wewe unayenunua gorogoro sokoni, fanyeni hivi:

Anikeni mahindi juu ya turubali, siyo juu ya udongo. Kabla ya kuhifadhi, pimeni kwa chumvi: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Hata isiposhika, ongezeni siku moja ya jua, maana chumvi huonyesha unyevu unaozidi kama asilimia 15, nasi tunataka usizidi 13.5.

Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, siyo sakafuni. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa ziondolewe na zifukiwe shimoni. Msimpe ng'ombe wala kuku. Ng'ombe wa maziwa akila, sumu hupita katika maziwa ikarudi kwa mtoto yule yule mliyekuwa mkimlinda.

MALI BILA DAFTARI HUISHA BILA HABARI

Ukishapanga, bandika karatasi nyuma ya mlango wa kabati. Andika unga, sukari, chumvi, mafuta, majani, na tarehe uliyonunua. Kabla ya kwenda sokoni, soma. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule, naye atafurahi kuwa karani wa jikoni. Na baba pia asome, sindio? Kabati si la mama peke yake kama wote wanakula.

Kile kikundi cha Kitengela kimeamua jambo zuri. Kama vile pesa zinavyozunguka kila mwezi, sasa na kazi inazunguka. Siku ya kumpelekea mwanachama pesa zake, wanafika saa moja mapema, wanatoa kabati lake pamoja, wanalipanga, halafu ndipo chai. Wameanza na yule mama wa mtoto. Alikuwa ameona haya, akidhani watu wanamsema. Walipofika na ndoo na sabuni, alilia kidogo, kisha akawasha jiko.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mafuta ya taa na dawa za mifugo ziko wapi nyumbani kwako leo? Mtoto wa miaka miwili anaweza kufika hapo?

2. Ni kitu gani ulinunua mwezi huu, kumbe ulikuwa nacho?

3. Mahindi ya kikundi yamelala juu ya nini?

4. Tutaanza kwa nyumba ya nani, na siku gani?

Tuandikieni mlivyofanya. Lakini swali la kwanza msingoje mkutano. Mkimaliza kusoma, simameni mkaangalie.