Mpangilio wa Maarifa ya Utendaji wa Sumu katika Tathmini ya Usalama wa Viuatilifu vya Mikorosho: Mfano wa Masasi na Newala

Makala haya yanafafanua namna maarifa ya utendaji wa sumu yanavyoweza kupangwa ili kusaidia tathmini ya usalama wa kemikali, kwa mfano wa viuatilifu vya mikorosho wilayani Masasi na Newala. Tangu 2012, shirika la OECD limeendesha mpango wa kuyapanga maarifa hayo kama mnyororo: kemikali huathiri kwanza molekuli mahususi, kisha seli, kiungo na mwili mzima. Kila pingili hudai ushahidi wake. Pingili isiyo nao huonekana.

Viuatilifu jamii ya pairethroidi, vinavyopulizwa dhidi ya mbu wa mikorosho, huchelewesha kufungwa kwa milango ya sodiamu ya neva. Neva husisimka mfululizo, na ngozi ya mpulizaji iliyoguswa huweza kuchomachoma. Unga wa salfa, unaotumika dhidi ya ubwiriunga, una sumu ndogo kwa binadamu, ingawa huwasha macho na njia ya hewa. Hata hivyo, bakteria wa udongo huigeuza salfa kuwa tindikali. Katika udongo wa kichanga wa Uwanda wa Makonde, usio na uwezo mkubwa wa kuhimili tindikali, alumini huweza kuyeyuka na kudhuru mizizi.

Kwa hiyo, tathmini inayokomea kwenye mwili wa mpulizaji huiona salfa kuwa na hatari ndogo, huku shamba likiachwa nje ya hesabu. Mnyororo wa salfa hauna budi kufuatiliwa hadi udongoni, kwa kulinganisha tindikali ya udongo ulio chini ya mikorosho na ule usiopuliziwa.